Nusu Kidole Kwenye Ramani

Wiki iliyopita nilirudi nyumbani Merrylands na diploma ya urubani, mimi niliyejisomesha bila msaada wa mtu, nikaikuta ramani yangu ya shule bado ukutani kwa mama. Harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, iliyoungua jikoni alasiri moja nikiwa bado mwanafunzi ilinirudia.

Alasiri ile baba alibanwa na kifua kwenye kijiji alikofanya kazi, kaskazini ya mbali. Wenzake wa kazini walipiga simu kwamba ndege ingempeleka kijiji cha jirani chenye hospitali.

"Ni mbali, mwanangu?"

Nilipima ramani. "Nusu kidole, mama. Ameshafika."

Mama alipiga magoti akamshukuru Mungu.

Leo nairusha ndege njia hiyohiyo nikipiga mluzi. Ni dakika arobaini. Lakini ndege hukaa upande wa hospitali. Kwanza huenda kumchukua mgonjwa, ndipo hurudi naye. Mama aliposema amina, ilikuwa bado inakwenda kumchukua, na baba alikuwa ameshaacha kuingoja.