Nilianza Kubatiza Mujukuu Wangu, Sikumaliza

Admin, ufiche jina yangu muzuri, juu Bunia ni kadogo na parokia yetu ni kadogo zaidi. Niko mama mujane wa miaka makumi tano na ine. Tulikimbia kutoka Nizi wakati wa vita, sasa tunaishi Mudzipela, hapa Bunia. Niko katekista. Miaka makumi mbili natayarisha watu kwa ubatizo, na wanaonijua wanasema niko mukali. Ni kweli. Mutu akikosea alama ya musalaba mbele yangu, namurudilisha mpaka ashike. Sasa musikilize huyu mukali alifanya nini.

Niko na mutoto mumoja tu aliyebakia, mwanaume, anaendesha pikipiki. Tulipokimbia alikuwa na hasira na kila mutu, hata na kanisa. Watu wa kanisa ingine wakamupatia chakula na pa kulala, akaingia kwao. Kule wanafundisha kama Mungu ni Yesu peke yake, hakuna Baba na Mwana na Roho Mutakatifu, na mutoto mudogo habatizwi. Wakamubatiza upya katika muto. Siku ile aliniambia, "Mama, hao Watatu wako sikuwaona wakati tulikuwa tunalala inje." Nilimujibu vibaya sana, sitaandika hapa. Toka hapo alama ya musalaba ikakatazwa katika nyumba yake, na mimi naishi kwake, sina kwangu. Nikawa nakula na mikono imetulia, naomba ndani ya roho tu.

Bibi yake, ni kusema mukamwana wangu, nitamuita Furaha, si jina yake, ni mutoto wa parokia yetu. Mimi ndiye nilimufundisha masomo ya komunyo ya kwanza. Alifuata bwana yake katika kanisa ile. Mungu akawapatia mutoto mwanaume.

Mutoto alikuwa na wiki tano wakati homa ilimushika. Asubuhi alinyonya, mchana akaanza kupumua vibaya, kifua kinaingia ndani. Baba yake akakimbia kutia mafuta katika pikipiki ili atupeleke lopitali. Alipotoka tu, Furaha akanishika kitenge. "Mama, mubatize. Fanya mbio mbele arudi. Mutoto wangu asiende hivi hivi."

Kwetu Wakatoliki, mutu akiwa karibu kufa, mukristu yeyote anaweza kumubatiza. Nimefundisha hiyo mara ngapi! Maji mara tatu: ya Baba, ya Mwana, ya Roho Mutakatifu. Nikachota maji na kopo, Furaha akashika kichwa cha mutoto. Nikataja jina yake, nikasema, "Ninakubatiza kwa jina la Baba," nikamwanga maji. Hapo nikasikia pikipiki inazimika inje.

Nikanyamaza.

Wandugu, yalibakia maneno machache tu. Mulango ulikuwa haujafunguliwa. Ningeweza kuyasema hata kwa sauti ya chini, nani angesikia? Lakini nilimuogopa. Nilimuogopa mutoto niliyemuzaa mimi mwenyewe. Akaingia, akauliza, "Mama, unafanya nini?" Nikasema, "Namupoza homa." Akasema, "Aksanti, Mama." Akapokea kopo, yeye mwenyewe akachota maji na mukono, akapakaa mutoto wake kichwani pole pole, anamuita vile tunabembeleza watoto wanaume, "Papa, papa yangu, uvumilie."

Tulifika lopitali, wakamutia oksijeni. Hakumaliza hata saa moja, akatutoka.

Tukiwa bado kule, Furaha akanisogelea kwa sikio. "Mama, ulimaliza?" Nikasema ndiyo. Ungemujibu nini, weye? Alikuwa ameshika vile vinguo vya mutoto na hakuwa analia, alikuwa ananiangalia mudomo tu.

Kwenye kilio wamama wa shirika letu la parokia walikuja kuimba. Nilifikiri baba ya mutoto atawafukuza. Akasema, "Waache waimbe." Furaha akawaambia wamama kwa siri kama mutoto alibatizwa, na wamama wakamwambia padri. Padri akaniita, akasema siku ya yenga ijayo, ni kusema jumapili, nyuma ya misa, niende nitie mukono katika kitabu cha wabatizwa, juu ni mimi nilibatiza. Furaha hata usingizi umemurudilia. Anajificha jikoni, anafanya alama ya musalaba, ananiambia, "Mama, mutoto iko kwa Baba na Mwana na Roho. Nimetulia." Mimi namuitikia, halafu naenda chooni kulia.

Najua Mungu hafungwi na maji wala na maneno yetu. Nimewaambia hivyo wamama wengi waliopoteza watoto, na niliamini. Lakini kutia mukono mbele ya altare juu ya kitu ambacho sikufanya? Na kama nikikataa kutia, Furaha ataniuliza kwa nini.

Na jana ndiyo nilimalizika kabisa. Mutoto wangu alikuwa anaosha pikipiki, akaniita. "Mama, siku ile na maji, ulikuwa unamubatiza?"

Nikaruka. "Hapana! Nilikwambia, nilikuwa namupoza homa."

Nikangojea hasira. Akakaa chini, mikono imejaa sabuni, akasema, "Ningefurahi ungekuwa ulimubatiza. Sijui tena nani anasema ukweli, siye ao nyinyi. Nataka tu kujua kama kuna mutu alimupokea mutoto wangu." Akalia kama vile hakulia hata siku ya kuzika. Na mimi, katekista wa miaka makumi mbili, nikaokota kitambaa, nikaendelea kuosha pikipiki yake.

Basi Furaha anaamini nilimaliza, bwana yake anaamini sikuanza, na wote wawili wamenifunulia roho zao. Siku ya yenga ni kesho kutwa. Wandugu munaosoma, na munitukane kama munataka, lakini munishauri: nimuambie nani kwanza, mama ya mutoto, baba yake, ao padri? Na nitaanzia wapi?