Wallahi, Imefutika

Siku baba mkubwa alipotoka Koboko kuja kushuhudia sura ya riwaya yangu ikifutwa, alikataa kiti. Alisimama nyuma yangu katika duka la kompyuta la kaka yangu, Arua mjini, na nikamchukia kwa sababu alikuwa na haki.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akiwa na homa: jinsi walivyokimbilia Kongo wakati wa vita, na jinsi alivyomwacha mama yake kando ya njia, mbele ya kijiji cha Adumi, akaendelea na baiskeli. Homa ilipoisha alitaka nimrudishie maneno yake. Nilikuwa nimekwisha kuyafanya sura ya riwaya na kuyasoma mbele ya waandishi wenzangu, nikapigiwa makofi. Makofi hayo yakafika Koboko. Tangu hapo hakukanyaga nyumbani kwa mama yangu, hata siku ya Idi, na mama akaacha kula sahani moja nami.

Basi nikafuta. Nakala ya karatasi nilikwisha kuichoma jikoni. Mashine ikakubali, tukatazama orodha, sura haikuwemo. Baba mkubwa akataka niape.

"Wallahi, imefutika," nikasema.

Ijumaa ile alikunywa chai kwa mama. Na kila Ijumaa baadaye, kabla hajapokea kikombe mkononi mwangu, aliuliza tena, nami niliapa tena.

Kompyuta yangu ilikuwa imevunjika kioo, kwa hiyo niliendelea kuandikia dukani. Kaka alinichukia kwa kukalia mashine yake. Nilimchukia kwa kuhema kwake. Asubuhi moja nilimwambia kwamba kazi yake ni ya bawabu, kufungulia wengine milango. Hakuinua macho.

"Wewe iko mutu ya hasira. Unafikiri ile kitu yako imekufa? Iko."

Akanieleza polepole, kama anayemweleza mjinga. Maofisi humletea flashi zenye virusi. Yeye huzifungulia ndani ya mashine pepe, kompyuta ya kuigiza iliyomo ndani ya kompyuta ya kweli. Humo virusi hujiona huru. Lakini hakuna programu inayofuta faili kwa mkono wake. Lazima iombe kiini cha mfumo, na kiini ndicho kinachofuta. Kaka alikaa katikati, kwa programu aliyoitega. Ombi la kufuta likija, alilinyakua njiani, asifanye lolote, akarudisha sifuri. Kwa mashine, sifuri ni kusema: tayari, bwana. Likija ombi la orodha, aliruka jina la kile kilichodhaniwa kimekufa. Virusi huondoka vimeridhika, na yeye hubaki akisoma vilichotaka kuharibu.

Mimi nilikuwa nikiandikia humo humo.

"Uliniweka pamoja na virusi?"

"Virusi iko na adabu. Haiandiki mambo ya wazee."

Nikamuuliza kama alijua siku ile, baba mkubwa amesimama pale. Alijua. Alisema nimezoea kufanya kitu kwa hasira kisha nilie, na kilio changu humsumbua kazini. Hakuna aliyewahi kunitendea wema kwa dharau kubwa kiasi hicho. Nilihesabu Ijumaa zangu zote, kila wallahi, mama akiwa na sinia mkononi, amefurahi.

Nilimwambia aondoe mtego. Aliandika mistari michache, akaanzisha mashine upya, na sura ikajitokeza katika orodha, nzima. Sikuifungua. Ningeisoma, nisingeweza kuifuta. Nikabonyeza kufuta.

Sifuri. Nikatazama orodha, sura haikuwemo. Kila kitu kilikuwa sawasawa na mara ya kwanza.

"Sasa imekufa kweli?"

"Imekufa."

"Nitajuaje?"

Akachomeka flashi ya mteja. "Mimi nimekwambia."

Nilimtazama kisogo muda mrefu. Alikuwa ndugu yangu pekee, na sikumwamini hata kidogo.

Ijumaa baba mkubwa alikuja, akavua viatu, akaketi mahali pake. Nikamletea kikombe. Akauliza kama kawaida, "Ile kitu?"

Mama alikuwa ananiangalia.

"Sijui, baba," nikasema.

Mkono wake ulikuwa umekwisha kunyooshwa. Aliurudisha. Akavaa viatu taratibu, kimoja, kisha kingine, na mama akachukua kikombe kutoka mkononi mwangu, kimejaa, akakimwaga mlangoni.