Siku Sita za Bijou kwa Mama Gertrude

Mama Gertrude hapokei kitu haraka. Kamba ya porini ambayo mume wake Jacques anafungia miti ya kuvulia samaki, yeye huiloweka kwanza siku sita ndani ya pipa nyuma ya nyumba, kisha anaivuta mara tatu, anaipinda, anainusa. Ikikatika uzi mmoja tu, inakwenda kufungia mbuzi. Wanawake wa kando ya maporomoko ya mto wanamcheka. Lakini kwa miaka kumi na saba, kamba iliyopita mikononi mwake haijakatika na mtu juu yake, na hata wenye kucheka wanalijua hilo.

Kwa hiyo mdogo wake Angélique alipofika kutoka mtaa wa Makiso, mjini, na mbwa mdogo mweupe kwapani, manyoya yamemfunika mpaka macho, Gertrude hakusema ndiyo wala hapana. Angélique alikuwa anahamia Kinshasa kumfuata bwana wake, na huko kwenye nyumba ya kupanga hawakutaka mnyama. Alieleza kwamba anaitwa Bijou, ni mbwa wa salon, wa kukaa sebuleni, halindi na hawindi. Kazi yake ni kukaa na mtu.

"Kukaa na mutu iko kazi?" Jacques aliuliza.

"Semeki, na wewe dimanche unafanyaka kazi gani?" Angélique akamjibu shemeji yake, maana Jumapili Jacques hukaa tu.

Jacques alicheka. Tania, binti yao, alikuwa amekwisha kumpakata Bijou na kumwita mdogo wake. Wote watatu wakamtazama Gertrude.

"Yaya, unasema nini?" Angélique akamuuliza dada yake mkubwa.

"Umuache siku sita. Nitamuangalia."

Nyumba hiyo ina sheria moja. Jacques anaamka kabla ya jogoo, anapanda juu ya miti iliyosimamishwa katikati ya maji, anavuta mitego mikubwa huku mto unanguruma chini ya nyayo zake. Saa sita mchana anarudi, anakula lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, analala. Saa kumi anarudi majini. Usingizi ule wa mchana hauguswi. Anayepita uani anavua sandali. Kaka mkubwa wa Jacques alikuwa amekesha matangani siku mbili alipopanda miti mara ya mwisho. Mto haukumrudisha.

Siku ya kwanza Gertrude alimwangalia Bijou kama anavyoangalia kamba. Aliona kwamba anakula kidogo. Aliona kwamba kichwa cha samaki kikianguka toka uchanjani, hakigusi mpaka apewe. Moshi ulimtoa machozi, naye alitafuta pale penye udongo wenye maji, panapooshewa samaki, akalala kwa tumbo. Gertrude akachukua mkasi, akampunguza manyoya ya machoni, na kwa mara ya kwanza wakatazamana.

Siku ya pili alikwenda sokoni na beseni yake ya samaki. Tania alikuwa masomoni. Bijou, amefungwa mlangoni, alibweka mchana mzima. Jacques hakulalamika, ila jioni alikula amefumba macho kwa usingizi.

Siku ya tatu akaja tonton Sébastien, mjomba wa Jacques, kutoka Bafwasende, na mikungu ya ndizi. Aliwahi kufuga mbwa wa kuwinda zaidi ya ishirini. Kwao porini mbwa wa mawindo habweki. Anafungwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji ajue amepita wapi.

"Iyi imbwa inalia juu haina kengele," alisema, kama daktari aliyeona ugonjwa.

Akatoa mfukoni kengele ya mti, kubwa kama ngumi, akamfunga. Bijou alipiga hatua moja, akasikia *ko* chini ya kidevu, akaruka. Ikasema tena *ko*. Akaanza kuzunguka ua kuikimbia shingo yake mwenyewe, akibweka mpaka majirani wakatoka. Tonton akasema atazoea. Hakuzoea, na Jacques hakulala hata dakika moja.

Asubuhi ya siku ya nne mguu wa Jacques uliteleza juu ya mti. Papy, mwenzake, akamdaka kwa mkanda. Jacques alirudi na kifua kimechubuka, akaisimulia kama kichekesho, na watu wakacheka. Gertrude hakucheka. Alifungua ile kengele, akaiweka juu ya ukuta, kisha akachemsha maji ya chumvi akamwosha mumewe kifua, polepole.

Siku hiyo hakwenda sokoni. Jacques alipolala, alikaa mlangoni. Bijou alikuja, akajizungusha mara mbili, akaweka kidevu juu ya mguu wake. Mtu wa baiskeli akapita. Bijou akafungua jicho moja, kimya. Gertrude akasimama kwenda kutazama moto. Ukuta ulipomficha tu, mbwa akabweka. Akarudi, mbwa akanyamaza. Alifanya hivyo mara tatu, kama anavyovuta kamba.

Siku ya tano alimbeba mgongoni ndani ya kitenge, kama mtoto, akaenda naye sokoni. Wenzake wakamuuliza baba wa mtoto ni mzungu gani. Alicheka nao, lakini jua lilipopanda Bijou alikuwa anahema, ulimi nje, na Gertrude akafunga biashara akamrudisha. Njiani alimnunulia maji ya baridi. Yeye mwenyewe alikunywa yaliyobaki.

Siku ya sita alimwita Tania.

"Imbwa iko muzuri. Nyumba yetu ndiyo haina mutu wa kukaa. Nikimuacha analia, papa yako halali. Na papa yako asipolala, unajua."

Tania alijua. Alilia bila sauti, akambeba Bijou mwenyewe mpaka ng'ambo ya barabara, kwa Mama Cathy, mjane mshonaji, ambaye miguu yake imevimba na toka asubuhi mpaka jioni haondoki nyuma ya cherehani yake. Angélique alikuwa amekubali. Gertrude akamwomba Cathy amwangalie kwanza siku sita.

"Siku sita ya nini, ndeko? Amesha lala," Cathy akamjibu kama dada yake.

Kweli, Bijou alikuwa amelala kando ya pedali.

"Uangalie tu," Gertrude akasema.

Mchana ule Jacques alikoroma. Na tangu hapo, kila jioni Gertrude anafunga maini ya samaki ndani ya jani, anavuka barabara, akisema anakwenda kuulizia blauzi yake. Blauzi hiyo iliisha kushonwa zamani. Anaivaa kanisani kila Jumapili.