Kometi Iliyotua Kwenye Viazi

Baba yangu alifundisha hesabu maisha yake yote. Ile Oktoba kometi, ile nyota yenye mkia, ilipoanza kuonekana magharibi baada ya jua kuzama, alinipigia simu kutoka nyumbani Kiirua. Alitaka kuitafutia njia yake angani yeye mwenyewe, kwa mkono, kabla macho hayajamzuia. Alikuwa na mtoto wa jicho, ingawa kila alipotoka kliniki alituambia anaendelea vizuri na upasuaji hauna haraka.

Kazi yangu ilikuwa kumpa vipimo vitatu, kila kimoja siku nne baada ya kingine. Nilipanda juu ya ghorofa ninamoishi mtaa wa Majimbo, hapa Embu, nikapiga picha kwa simu, kisha nikaichora kometi na nyota za jirani kwenye karatasi ya miraba, pamoja na saa na dakika. Vipimo vitatu vikiwa sahihi, alisema, vinaonyesha jinsi njia inavyopinda, na mpindo huo ndio unaosema kometi iko umbali gani na inaelekea wapi.

Jioni ya kipimo cha pili mvua ilifunga anga lote. Sikumwambia. Mzee ana hamu, macho yanamwishia, nami nimletee habari za mawingu? Nilingoja kipimo cha tatu, nikaweka rula kati yake na kile cha kwanza, nikatia nukta katikati kabisa. Nilijiona nimetenda wema.

Karatasi zilipofika alihesabu wiki nzima kwa kalamu nene nyuma ya kalenda za zamani, mama akimsomea majedwali. Kisha akaniita nyumbani. Jumamosi nilimkuta barazani, kalenda magotini, hana hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu.

"Mwari, binti yangu, hesabu inasema kometi yako iko hapa Kiirua," aliniambia. "Iko kwa viazi vya mama yako."

Akanieleza polepole, kama anayemfundisha mwanafunzi wa dawati la nyuma. Njia isiyopinda hata kidogo huirudisha hesabu pale palipowekwa kama mahali pa kupimia, naye alikuwa ameweka Kiirua. Hakuna kitu kinachovutwa na jua kikatembea sawa na rula. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imeishia shambani kwetu. Nilikiri yote. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nivue sare ya shule.

"Si ungesema tu ni mawingu," akasema. "Mawingu si kosa. Ningengoja."

Jioni hiyo anga la Kiirua nalo lilifunga, nikaandika kwenye karatasi: mawingu. Jumapili kulitakata. Kometi ilikuwa imefifia, lakini niliipata juu ya miti ya mpakani, nikaipiga picha, nikamwonyesha baba kwa kidole. Aliitikia kwa kichwa kama anayeiona. Uso wake ulikuwa umeelekea paa la zizi. Nikamwuliza kama anaiona kweli.

"Sioni kitu," akasema. "Hata vidole vya daktari huwa nakisia. Naogopa kisu."

Nilimshika mkono, na machozi yakanitoka. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku zote.

Nilibaki nyumbani. Kwa vipimo viwili vya kweli na hicho cha Jumapili, hesabu ilikwisha baada ya siku tatu, mama akisoma tarakimu nami nikiandika alizotamka baba. Njia ilitoka ndefu na nyembamba mno: labda itarudi baada ya maelfu ya miaka, labda haitarudi kamwe. Picha za simu yangu hazikutosha kuamua. Baba aliniambia niandike hivyo hivyo, nisipambe.

Alhamisi tulimpeleka kliniki. Daktari aliinua vidole, akamwuliza ni vingapi. Baba aligeuza uso kuelekea sauti yake.

"Daktari," akasema, "ni mawingu."