Rimoti ya Ndege na Mama Mkwe

Mama mkwe alitufikia Bungoma akitoka Saboti, kwa sababu ya goti. Daktari alitaka kumwona mara mbili katika wiki moja, na mke wangu akakataa katakata mama yake arudi nyumbani katikati ya siku hizo. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawaketi karibu, wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Si chuki, ni heshima. Basi nyumba yetu ikawa ndogo ghafla. Yeye akiwa sebuleni, mimi niko jikoni. Nikisikia mkongojo wake ukija, nakohoa.

Jumamosi mke wangu, ambaye ni mwalimu, alienda shuleni kusimamia mtihani. Nilibaki na shida yangu. Napenda ndege ndogo za rimoti, hizi za sponji ngumu, na baada ya kuivunja moja kule Mabanga niliamua kujifunza kwanza kwenye kompyuta, ambako ukianguka huokoti vipande. Rimoti ya kujifunzia ina vijiti viwili. Cha kulia kilikuwa kimeingiwa na wazimu: hata nisipokigusa, ndege kwenye skrini ilijilaza kushoto, ikazunguka, ikajibamiza chini.

Niliifungua kwenye meza ya jikoni. Chini ya kijiti kuna kidude cha duara kinachoiambia kompyuta kijiti kimefika wapi. Mafundi wa redio hukiita poti. Kilikuwa kimejaa vumbi laini, nadhani la mahindi, maana tulipokaa Kitale rimoti ililala stoo pamoja na magunia. Nikakisafisha kwa pamba na spiriti, nikakirudisha. Sasa kilitakiwa kuzungushwa kidogo kidogo hadi ndege ikae sawa. Lakini kompyuta ilikuwa sebuleni, na sebuleni alikuwa mama. Nikaunga waya mrefu hadi mlango wa jikoni, nikasimama pale nikiwaza nitaionaje skrini.

"Mkwe," sauti ikatoka sebuleni, "hii ndege yako imelala."

"Imelala upande gani, Mama?"

"Upande wa dirisha."

Nikazungusha poti kidogo. "Na sasa?"

"Bado. Iko kama ng'ombe anatafuta mahali pa kulala."

Nikazungusha tena.

"Aa, umepitisha! Sasa inaegemea ukuta. Rudisha. Rudisha kidogo. Hapo! Usiguse tena, bana."

Nikakaza skrubu huku nikicheka kimyakimya. Tangu nimwoe binti yake, hatukuwahi kuzungumza maneno mengi hivyo. Nilipofunika rimoti, nikamsikia akisogeza kiti.

"Hiyo kitu, ni vijana tu wanaruhusiwa?"

Nikaiweka rimoti kwenye stuli katikati ya sebule, nikarudi jikoni. Akaichukua.

"Kijiti cha kushoto, Mama, ndicho moto wa injini, kisukume mbele polepole. Ikikimbia, vuta cha kulia kuja kwako."

Akasukuma. Halafu: "Imepanda! Mkwe, imepanda! Naona miti. Naona mto." Kikafuata kishindo, kisha kicheko ambacho sikuwahi kukisikia, kicheko kirefu cha kifuani. "Woi, nimemaliza watu!"

"Hakuna mtu ndani, Mama. Bonyeza kitufe chekundu, utapata ingine."

Akabonyeza. Akabonyeza mara nyingi. Mimi nilimenya viazi nikimwongoza kwa sauti, na kila alipoanguka tulilaumu upepo wa kwenye kompyuta.

Mke wangu alirudi mchana akasimama mlangoni na vitabu vyake, akatutazama: mama yake ameinama mbele ya skrini, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, na mimi jikoni nikipaza sauti, "Punguza moto, Mama, punguza!"

"Kuna nini hapa?" akauliza.

Mama hakugeuka. "Ngoja kwanza," alisema, "nitue."