Maji yasiyokauka kwenye silinda ya tatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Fundi Sikio ananyunyizia maji kwenye injini iliyowashwa sasa hivi. Ameshika chupa yenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari. Analenga mirija ya moshi ya silinda nne, mmoja baada ya mwingine.

Kwenye mrija wa kwanza maji yanachemka na kupotea. Wa pili vivyo hivyo. Wa nne pia. Kwenye wa tatu yanateleza tu, yanadondoka chini kama yalivyokuja.

"Huyu hachomi," anasema. "Wenzake wanabeba gari, yeye amebebwa."

Gari ni teksi nyeupe yenye milango iliyochubuka. Mwenyewe, dereva mwenye mabega mapana, amesimama amefunga mikono kifuani. Kwenye benchi la gereji amekaa mkewe, amevaa sweta, kadi ya hospitali mapajani. Figo zake zimeshindwa. Mara tatu kwa wiki hupelekwa kusafishwa damu, na leo mashine inamsubiri saa tatu. Hospitali iko juu ya mlima.

Teksi inamisi. Ndivyo mafundi wanavyosema silinda moja ikiacha kuchoma mafuta. Gari linatetemeka, nguvu zinapungua, na penye mlima linaweza kuzima.

Hii si mara ya kwanza. Wiki tatu zilizopita teksi hii ililetwa hapa na ugonjwa huohuo. Fundi alibadilisha koili ya silinda ya tatu, kile kifaa kinachoipa plagi umeme, akaegemeza bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni ili asikilize mlio wake, akaitikia kwa kichwa. Hakulijaribu gari barabarani. Siku mbili baadaye likazima katikati ya mlima. Mama yule mgonjwa alikaa kando ya barabara zaidi ya saa moja. Alipofika, mashine alishapewa mgonjwa mwingine.

"Usiku ule nililala nimekaa," anasema mama. "Nikijilaza, pumzi inakataa."

Dereva aliamini koili ilikuwa feki. Alikwenda dukani akamtukana muuza vipuri mbele ya wateja. Hawajasalimiana tangu siku hiyo.

Fundi anazima injini, anasubiri ipoe. Anahamisha koili na plagi ya tatu kwenda ya pili, na za pili kwenda ya tatu. Kama ugonjwa umo ndani ya vifaa hivyo, utahama navyo. Anawasha, ananyunyiza tena. Ya pili inakausha maji. Ya tatu bado imelowa.

"Koili nzima, plagi nzima," anasema. Sauti yake imeshuka.

Anapitisha vidole kwenye waya unaokwenda kwenye koili ya tatu, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye mguu wa mtoto. Karibu na kipande cha chuma vidole vinasimama. Gamba la nje ni zima, lakini ndani waya umekatika. Akiubana, injini inatulia. Akiuachia, gari linaanza kutetemeka.

Hapo ndipo kosa la wiki tatu zilizopita linapoonekana. Alipokuwa akifunga koili mpya aliusogeza waya huu bila kujua. Ncha zilizokatika zikagusana. Gari likapona kwa siku mbili.

Fundi anajifuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha anamgeukia dereva.

"Kaka, muuza vipuri hana kosa. Kosa ni langu. Siku ile niliweka bisibisi sikioni na sikusikia kitu. Nikasema kimya ni uzima."

"Hukusikia kitu namna gani?"

"Sikio la kushoto lilikufa miaka sita iliyopita. La kulia linafuata. Ulipokwenda kumtukana yule nilijua kosa huenda ni langu, nikanyamaza."

Dereva anamtazama.

"Kwa hiyo nikikupigia simu ukanijibu 'sawa, sawa'?"

"Huwa nakisia tu."

"Na mimi najisifu nina fundi asiyebisha."

Mama anasema kutoka kwenye benchi. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Ila siku ile kidogo kiniumbue mimi, na maradhi yaliyofichwa si yangu."

Fundi hakusikia. Anamwomba arudie. Mama anainuka kwa shida, anakuja mbele ya uso wake na kurudia neno kwa neno. Fundi anainamisha kichwa.

Ameifanya kazi hii miaka thelathini na mmoja, kati ya nyundo na injini zisizo na bomba la moshi. Jina la Sikio alipewa na wateja, na ndilo lililomlisha. Kifaa cha kumsaidia kusikia kinagharimu mapato yake ya miezi saba. "Nani atampelekea gari fundi kiziwi?" anauliza. Kwa hilo aliwaficha wote, hata mkewe kwa mwaka wa kwanza.

Anakata waya mbovu, anaunga mpya, analehemu kwa risasi na kuufunga mbali na chuma. Maji yanakauka kwenye mirija yote minne. Saa mbili na dakika tano anaingia kiti cha mbele bila kualikwa.

"Siliachi gari hili mpaka nione mlima," anasema.

Kwenye mwinuko ameweka kiganja juu ya dashibodi. Anausoma mtetemo kwa mkono. Pale teksi ilipozima siku ile, dereva anakanyaga mafuta na gari linapanda bila kusita. Kiganja cha fundi hakitoki mpaka geti la hospitali.

Anasema ataandika ubao ukutani: fundi hasikii vizuri, simama mbele yake useme. Kila gari litapanda mlima na mzigo wake kabla ya kurudishwa. Kifaa cha sikio atakiwekea akiba, hata kama ni miaka miwili. Lakini leo, kabla ya kufungua boneti nyingine, atakwenda duka la vipuri.

"Twende wote," anasema dereva. "Matusi yalikuwa yangu."

Mama ameshashuka. Anazunguka gari, anasimama mbele ya kioo mahali fundi anapomwona, na kunyoosha vidole vitatu: saa tatu. Amewahi.