Sufuria Yangu na Kicheko cha Mama Watoto

Sifa zote zimrudie Mungu aliyeumba upepo na hakumwambia mtu utaishia wapi, aliyeniamsha leo asubuhi nikiwa na viungo vinavyouma lakini bado vinanipeleka ninakotaka. Yeye ndiye aliyenipa mke, na nataka kusimulia habari za mke huyo, pamoja na samaki, na bwana mmoja mwenye ndevu nyekundu ambaye hadi leo namwombea kwa taabu.

Tunaishi Newtown, huku kwa Waingereza, ghorofa ya sita, mimi na Mama Watoto. Kwa miaka mingi alihudumia wazee wa Kiingereza katika nyumba za kutunzia wazee, zamu za usiku, mpaka magoti yakakataa. Alikuwa bado anauguza goti lililopasuliwa simu ilipokuja kutoka kwao, kule ziwani. Dada yake amefariki. Hakuweza kusafiri kwenda kumzika. Tangu hapo akanyamaza. Hakununa, la. Alipika, aliimba kanisani, alipokea wageni kama kawaida. Lakini kicheko chake, kile ambacho majirani wa ghorofa ya chini waliwahi kuja kukilalamikia, kikaisha. Majira mawili ya baridi nilimwomba Mungu neno moja tu: Bwana, nirudishie kicheko cha huyu mama.

Mungu alijibu. Shida ni kwamba jibu lilipitia mkono wa mtu mwingine.

Binti yetu, ambaye ni muuguzi, alimnunulia mama yake zawadi: safari tatu za kuvua samaki pamoja na mwongozaji, kwenye bwawa moja upande wa Sutton Coldfield. Alijua mama yake ni mtoto wa mvuvi. Mimi ni mtu wa mlimani, na utotoni kwangu samaki alihesabiwa jamaa ya nyoka. Nilijifunza kumla kwa sababu ya mapenzi, na hata sasa kichwa chake nakigeuza kitazame upande mwingine wa sahani.

"Dad, unaweza kumsindikiza," binti aliniambia. "But please, usimhubirie mtu."

Siku ya kwanza tulipanda treni, tukashuka, tukatembea taratibu kwa ajili ya lile goti. Majira ya kuchipua yalikuwa yamefika kwa jina tu. Miti ilikuwa na vichipukizi, lakini upepo ulikata masikio, na maji ya bwawa yalikuwa ya kijivu, yenye mikunjo. Mwongozaji alitungoja ukingoni. Mtu wa makamo kutoka Great Barr, ndevu nyekundu, koti kubwa, vidole vilivyopasuka kwa baridi. Alimwita mke wangu "bab", yaani kipenzi, kama watu wa jiji hili wanavyomwita kila mtu, kuanzia muuza magazeti hadi dereva wa basi. Najua ni kila mtu. Lakini siku ile nililisikia kana kwamba limetungwa kwa ajili yake peke yake.

Kisha akautazama mfuko wangu.

"Bwana, hiyo sufuria ni ya nini?"

"Ya samaki," nikasema. Nilikuwa nimebeba pia jiko dogo la gesi, vitunguu, nyanya, ndimu, na ugali uliofungwa kwenye taulo usipoe. Mume asiyejua kuvua anaweza walau kupika.

Alikuna ndevu. "Hapa samaki haendi nyumbani. Tunamvua, tunamtazama, tunamrudisha majini."

"Akiwa mzima?"

"Mzima kabisa."

"Kwa hiyo mnakuja kumsalimia tu?" mke wangu akauliza. Akanitazama, akautazama mfuko, akamgeukia yule bwana. "Mzee wangu amebeba hadi ndimu!"

Akacheka. Kicheko kilekile, cha kuinama na kushika tumbo, kikavuka maji na kuwarusha bata. Nami niliyekingoja kwa maombi na kufunga nilikipata kwa upande wa mgongo, kwa sababu uso wake ulikuwa umemwelekea mwenye ndevu, na wote wawili walikuwa wakicheka sufuria yangu.

Baadaye yule bwana alisimama nyuma yake kumfundisha kurusha mshipi. Alimshika kiwiko. Ni kazi yake, nami najua mafundi hushika. Nilikula ugali peke yangu na nyanya mbichi.

Wiki nzima nyumbani ilikuwa Fundi hivi, Fundi vile. Ndivyo alivyomwita. Fundi amesema upepo wa mashariki unamfungia samaki mdomo. Fundi anaona afadhali minyoo kuliko mkate. Nikapaka siagi mkate wangu. Manabii wenyewe hawakutajwa mara nyingi hivyo mezani petu. Nilipotoka kutupa taka, jirani yetu Mkongo akanidaka kwenye lifti.

"Eh, Papa! Nimesikia mama anaenda kuloba samaki na muzungu, na weye unabeba sufuria?"

"Namsindikiza," nikasema.

"Sindikiza, Papa. Sindikiza karibu-karibu!" Akacheka hadi ghorofa ya sita.

Safari ya pili upepo ulikuwa mkali zaidi. Nilisimama nyuma kidogo, karibu na kichaka, mikono ndani ya makoti mawili. Nilikuwa nimejitolea kuweka chambo kwenye ndoana, nikaitia ndoana kwenye mkono wa koti langu, Fundi akaichomoa kwa upole ulioniudhi kuliko kama angenicheka. Baada ya muda mrefu chelezo cha mke wangu, kile kinachoelea juu ya maji, kikazama. Alivuta kama mtu aliyefanya hivyo jana tu, na Fundi akainua wavu wenye samaki mpana, rangi ya shaba, mzito kama mtoto wa wiki.

Mke wangu alipiga magoti, hata lile bovu, juu ya mkeka uliolowa. Alilowesha mikono kwanza, kama alivyofundishwa, ili asimtoe samaki ute. Akamshika, akainama, akamwambia maneno kwa lugha ya kwao. Nimekaa naye zaidi ya miaka arobaini na lugha hiyo naielewa kama mtu anayechungulia dirishani, lakini hayo niliyaelewa. Alisema: Nisalimie dada.

Samaki akaenda. Fundi akamwuliza amesema nini, naye akamweleza kwamba baba yake, kila msimu, alimrudisha ziwani samaki wa kwanza na kumtuma salamu kwa waliotangulia. Sikuwahi kuyasikia hayo. Halafu akamsimulia habari za dada yake, jinsi alivyougua, simu zilizokatika katikati, sauti ya mwisho. Fundi alichuchumaa na wavu mtupu, maji yakimdondokea ndani ya buti. Mke wangu alilia, akajifuta kwa glavu, akaendelea. Nami mumewe, mzee wa kanisa, habari za kifo cha shemeji yangu nililetewa na upepo.

Kwenye treni sikuweza kuvumilia.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nilianza mara nyingi, Baba."

"Lini?"

"Kila nikifungua mdomo unasema, tuombe. Unafumba macho. Ukifika kwenye amina, chai imepoa na neno langu limeniishia. Yule hajui kuomba, maskini. Basi anasikiliza."

Abiria wa mbele yetu alitutazama, akarudi kwenye simu yake.

"Basi safari ya tatu nenda naye peke yako," nikasema.

"Nitakwenda. Na bado yako mengi ya dada sijayasema. Usipokuja, atayasikia yeye."

Hakusema kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira. Nilitazama nyumba zikipita na nikajua kwamba yule mtu hakuwa na haja ya kuniibia kitu. Angekaa tu kimya, na yote yaliyokuwa yangu yangemwendea yenyewe.

Nilikwenda. Sikubeba sufuria. Nilivaa kofia yangu ya pama, ya kanisani, maana mtu anayeshindania heshima yake hujipanga.

Sijui kama walikuwa wamepanga. Fundi alinipa wavu wenye mpini mrefu. "Leo nahitaji mtu wa wavu, bwana. Uzamishe mapema, utulie. Usimfuate samaki. Mama atamleta kwako. Ukimkimbilia, utamkatia mshipi." Kisha akasema anakwenda garini kuchemsha maji ya chai, na akachelewa huko kuliko maji yoyote yanavyochelewa kuchemka.

Nikazamisha wavu. Vidole vikafa ganzi. Mke wangu alitazama chelezo, si mimi, akaanza. Dada yake ndiye aliyembeba mgongoni kupita kwenye mafunjo wakati wa mafuriko. Dada yake ndiye aliyeacha shule ili yeye aendelee, akadai kwamba shule imemchosha, na alikuwa akidanganya. Macho yangu yalianza kufumba yenyewe, kwa mazoea, na neno likafika kwenye meno. Nikalishika hapo. Nilikaza mikono kwenye mpini, nikayaacha macho wazi kwenye upepo mpaka yakatoa machozi, na sijui yalikuwa ya upepo kiasi gani.

"Alikuwa akiniita Mkia," alisema, "kwa sababu nilimfuata kila mahali. Sasa hakuna mtu duniani anayelijua jina hilo."

"Mimi nalijua," nikasema. "Tangu sasa hivi."

Akanigeukia. Wakati huohuo upepo ukaing'oa kofia yangu ikaanguka majini, ikaelea kuelekea kati ya bwawa, nami nikanyoosha wavu na kuikamata barabara, bila kuikimbilia.

"Fundi!" mke wangu akapiga kelele. "Fundi, njoo! Mzee amepata!"

Yule bwana akaja mbio, chai ikimwagika, akakuta kofia ya pama imelala kwenye wavu.

"Mpime," mke wangu akasema, "halafu umrudishe majini!" Akacheka, akainama na kushika tumbo, na safari hii uso wake ulinielekea mimi.

Hatukupata samaki siku hiyo. Bado nina wivu, sitaficha. Tulipoagana, Fundi alimsifu mke wangu kwa mikono yake mizuri, na juu ya yangu hakusema neno. Tayari mama amemwambia binti kwamba mwakani anataka safari nyingine. Yule bwana namtaja katika maombi, baada ya watoto na kabla ya serikali, na kila nikifika hapo sauti hupungua kidogo. Lakini nyumbani, Mama Watoto akianza kusema, nakunywa chai yangu ikiwa moto na macho yakiwa wazi. Tunaomba akimaliza. Wakati mwingine ni yeye anayesema, haya, Baba, sasa tuombe.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe mtu wa kukusikiliza mpaka neno lako la mwisho. Na kama baraka yako ataipitisha kwa mkono wa mwingine, akupe moyo wa kumshukuru mtu huyo, hata kwa shingo upande. Akulinde na baridi, na upepo ukikuchukulia kofia, akuwekee wavu karibu. Amina.